Mguu wa Kukanyagia

Shangazi yangu alikanyaga cherehani kwa mguu wa kulia peke yake. Mafundi wengi hutumia miguu yote miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma kidogo, lakini yeye wa kushoto aliukunja chini ya kiti kama mgeni asiyehusika na mambo ya nyumba, akauachia unyayo wa kulia kazi yote. Kisigino kilishuka, vidole vikapanda, na sindano ilisimama palepale alipotaka bila mkono wake kugusa gurudumu. "Mkono unashika kitambaa tu," alikuwa akituambia mimi na binti yake tulipokuwa wadogo. "Anayeshona ni mguu."

Mtaani walimwita Mama Vifungo, kwa sababu ya mkebe wa biskuti uliokaa siku zote kwenye kona ya meza yake. Ukipoteza kifungo cha koti la zamani, kile ambacho madukani hakipo tena, ulikwenda kwake, naye alichakura kwa kidole kimoja huku akiendelea kukusimanga kwa kunenepa, mpaka akatoa pacha wake. Duka lake lilikuwa chumba kimoja mwisho wa kijia cha saruji, katikati ya fundi viatu na muuza vipuri vya baiskeli. Kilichomlisha ni sare za shule. Shule zilipokaribia kufunguliwa, sketi za bluu zilirundikana mezani hadi wateja wakawa wanazungumza na sauti yake tu, uso hauonekani.

Mume alikufa mapema. Watoto wakubwa walitawanyika, akabaki na binti wa mwisho, ambaye sote tunamwita Kitinda, aliyekuwa akikata vitambaa na mama yake akishona. Wawili hao waligombana tangu asubuhi hadi kufunga duka, na hakuna aliyeweza kula bila mwenzake.

Mguu ulivunjika kwenye soko la jumla. Mkokoteni uliopakiwa marobota ulimponyoka msukumaji wake kwenye mteremko, na shangazi alikuwa ameinama akisugua kitambaa cha sare kati ya vidole ili ajue kama kitachuja. Watu walipiga kelele, lakini sokoni kelele ni za kila siku, na mkokoteni ukamgonga mguu wa kulia. Mfupa wa mbele, ule mrefu wa chini ya goti, ulikatika ukatoboa ngozi na kutoka nje, kwenye vumbi na maji machafu ya soko. Hospitali waliusafisha, wakauunga kwa bamba la chuma na skrubu.

Nilipokwenda kumtazama alikuwa amejaa furaha ya mtu aliyechungulia kaburi akaona halimpendezi.

"Sasa mimi na cherehani ni ndugu," aliniambia. "Wote tuna chuma ndani, na wote tukikosa mafuta tunalia."

Alirudi dukani akichechemea, kisha akaacha kuchechemea, na sote tukasahau. Ndipo siku moja Kitinda aliona doa kwenye soksi ya mama yake. Kando ya kovu palikuwa na tundu dogo, dogo hasa, unaweza kulifunika kwa kifungo cha shati. Lilitoa majimaji, halafu usaha. Halikumuuma sana, na kwa kuwa halikuuma, hakulipa heshima yake.

Hapa lazima nieleze jambo la mtaa wetu. Kule kwetu kila kidonda kina dawa moja, kile kidonge cha maganda mawili ambacho watu hukiita rangi mbili. Hukimezi. Unashika ganda kwa kucha, unalifungua, unaumwaga unga wake juu ya kidonda, unafunga na kitambaa. Mama yangu mzazi alifanya hivyo, na mama yake kabla yake. Duka la dawa huviuza kimoja kimoja kama pipi, na hakuna anayekuuliza swali. Shangazi alikuwa fundi wa jambo hilo pia. Aliweka vidonge vyake ndani ya mkebe wa vifungo, kwenye kikaratasi kilichokunjwa, na mtu akikatwa na bati au akiungua kwa pasi alikimbilia kwa Mama Vifungo, naye alimmwagia unga na kumfunga kwa kipande cha bitana, akimwambia, "Haya, nenda, hutakufa leo."

Basi alijitibu hivyohivyo. Alimwaga unga kwenye tundu. Lilipochelewa, alivimeza na vidonge vyenyewe, siku chache, mpaka majimaji yakakauka. Tundu likafunga. Kitinda alinipigia simu kwa furaha: "Mguu wa mama umepona!" Baada ya muda likafunguka tena, sentimita chache chini. Wakabadili dawa, muuza dawa akawapa nyingine kali zaidi, likafunga tena. Likafunguka. Miaka ikapita namna hiyo. Kwa fundi nguo, kitu kilichofunga kimekwisha. Unakata uzi, unapiga pasi, unampa mwenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba katika mguu wake mambo yalikwenda kinyume, kwamba tundu likiwa wazi usaha una pa kutokea, na likifunga unabaki ndani ya mwenyewe.

Alishona vitambaa vya kufungia kutokana na mabaki ya sare. Wiki hii bluu, wiki ijayo kijani cha shule ya pili. Akawa anajipaka manukato mengi kuliko zamani, na feni aliigeuza ipulize kuelekea mlangoni. Fundi viatu alimtania, "Mama Vifungo, umepata mchumba?" Akajibu, "Nimepata, ila ni kilema, ndiyo maana simleti." Wakacheka wote wawili. Mimi niliposikia habari ile ya manukato sikucheka, lakini nilikuwa mbali, na kazi zangu, na nilijiambia kwamba mtu mzima anajua mwili wake.

Kilichomwangusha ni kule kufunga kwa tundu. Msimu wa sare ulikuwa umepamba moto, na tundu lilikuwa limefunga vizuri kuliko wakati wowote, ngozi imekaza, inang'aa. Alimwonyesha kila mteja. Jioni ile alianza kutetemeka, akasema ni uchovu. Asubuhi yake aliketi kwenye cherehani, akakanyaga, na Kitinda aliyekuwa akikata kola akasikia mlio wa cherehani unakwenda ovyo, unaharakisha, unasita, unaharakisha. Aliposimama kumwangalia, mama yake alikuwa anaendelea kushona, na kitambaa kilikuwa kimekwisha zamani. Alikuwa anashona hewa.

"Mama!"

"Niache nimalize mkono huu," alisema. Mwili ulikuwa wa moto kama pasi.

Nilifika kesho yake. Wodi ya mifupa ilikuwa ghorofani, ndefu, madirisha yake yana wavu uliojaa vumbi. Walikuwa wamempasua kidogo kutoa usaha, na alikuwa amerudiwa na fahamu zake, pamoja na mdomo wake. Daktari wa mifupa alikuwa kijana mrefu, mpole, anayesema polepole kama mtu anayevuka barabara. Alivuta kiti, jambo ambalo madaktari huwa hawalifanyi, na mimi nikajua hapohapo kwamba habari si njema.

"Mama, nyumbani mnaweka maji kwenye madumu?"

"Tunaweka."

"Dumu la siku nyingi, ukiliinua ukaligusa kwa ndani mdomoni, unagusa nini?"

"Ute. Linateleza."

"Ukimwaga maji na kujaza mengine, ute unatoka?"

"Utatoka wapi! Unatia mchanga na kokoto, unatikisa mpaka mkono unauma."

"Basi." Akaweka kiganja chake juu ya shuka, pale mguu ulipokuwa. "Siku ulipovunjika, bakteria waliingia wakakikuta hiki chuma. Wakajibandika juu yake, wakajitengenezea utando kama ule ute, wakakaa ndani yake. Dawa unayomeza inawaua wale wanaozurura nje. Unapata nafuu, tundu linafunga. Waliomo ndani ya utando dawa inawafikia kidogo tu, haiwaui. Wengine wamelala, na dawa nyingi hazimuui aliyelala. Ukimaliza dawa, wanaamka."

Shangazi alimtazama sana. "Kwa hiyo miaka yote hii nawasugua wapangaji, mwenye nyumba yumo ndani amelala."

"Ndiyo, mama. Na kila mara ulipowapa dawa kidogo ukaacha, waliobaki walikuwa wale sugu. Hao ndio waliozaana."

Akatoa simu, akatuonyesha picha kutoka maabara. Kilikuwa kisahani cha mviringo, wameotesha usaha wake ndani yake, umetanda wote kama ukungu juu ya uji uliolala. Juu yake walikuwa wamepanga vikaratasi vyeupe vya duara, kila kimoja kimelowa dawa yake.

"Vifungo vya shati," shangazi alisema.

Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akaeleza kwamba dawa ikifanya kazi, kando yake panakuwa peupe, bakteria hawaoti. Tukainamia simu sote watatu. Vifungo vile vyote vilikuwa vimezingirwa, ukungu umepanda hadi kwenye ukingo wao. Kimoja tu, pembeni, kilikuwa na pete nyembamba ya uwazi.

"Rangi mbili ni ipi hapo?" aliuliza.

Daktari alionyesha kwa ukucha. Ukungu pale ulikuwa umestawi kuliko mahali pote, au pengine mimi ndiye niliyeuona hivyo. Shangazi alirudisha kichwa chake kwenye mto, akageukia ukutani.

Mpango ulikuwa kutoa chuma, kwani bila kukitoa dawa zote zingekuwa kazi bure. Kukwangua mfupa mpaka pale unapotoa damu, ndiyo dalili kwamba uko hai. Kuushika mfupa kwa vyuma vya nje vinavyopita kwenye ngozi. Na kumpa ile dawa moja iliyobaki kwa dripu, wiki nyingi, bila kukosa. Dawa hiyo, daktari alisema, ina ukali wake kwa figo. Wangepima damu mara kwa mara.

"Na mguu?" shangazi aliuliza. "Nitakanyaga?"

"Tukifanikiwa, utatembea."

"Sikukuuliza kutembea, mwanangu. Kutembea hata kuku anatembea. Nimekuuliza kukanyaga."

"Tukifanikiwa," alirudia, na akawa mkweli kiasi cha kutoongeza neno.

Walimtoa chuma. Kitinda aliomba akione, wakamwonyesha kwenye bakuli. Aliniambia kwamba alitarajia kitu cha kutisha, kutu, au wadudu. Kilikuwa safi tu, kinang'aa, isipokuwa ukikiinamisha kwenye taa uliona ute mwembamba kama mate ya konokono. "Kitu chenyewe hicho," aliniambia. "Ningekipangusa kwa kitambaa kikaisha. Kimemla mama miaka yote."

Nilimkalia shangazi kwa zamu na Kitinda, ambaye ilimbidi arudi dukani kumalizia sketi za watu. Wodini kulikuwa na harufu ya dawa ya sakafu na machungwa. Nilimsoma mwanamke yule kama ambavyo sikuwahi kumsoma nilipokuwa mdogo. Mchana, usingizi ukimchukua, kisigino cha kulia kilikuwa kikishuka na vidole kupanda, ndani ya vyuma vile vyote, kidogo kidogo. Alikuwa anashona. Muuguzi alitaka kumwamsha ili asijiumize, nikamwomba amwache. Nilifikiri, na bado nafikiri, kwamba watu tunajua kazi zetu kwa sehemu za mwili ambazo hatuwezi kuziuliza swali. Mtu akikwambia amepoteza mguu, hujajua bado amepoteza nini.

Mwanzoni aliendelea vizuri. Homa ilishuka, jeraha likawa jekundu la afya. Alianza kumtania muuguzi wa dripu: "Wewe ukinitafuta mshipa unanitoboa kama shati lililokosewa tundu la kifungo." Akaanza kula. Kisha uso wake ukavimba asubuhi, na mkojo ukapungua. Daktari alikuja na karatasi ya damu, hakuvuta kiti, alisimama. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba hakuvuta kiti kwa sababu alikuwa na aibu.

"Dawa inakula figo zako kuliko inavyowala bakteria," alisema. "Lazima tuisimamishe."

"Na kile kifungo kingine?"

"Hakuna kingine, mama. Kilikuwa hicho kimoja."

Wakaisimamisha. Wakamwingiza tena chumba cha upasuaji, wakakwangua, wakatoa kipande cha mfupa uliokufa, mweupe kama chaki. Usaha ulirudi kupitia matundu ya vyuma vya nje, ukiwa umejipatia vyuma vipya vya kukalia. Mapigo ya moyo yakawa ya mbio. Daktari alituita sote, Kitinda akiwa bado na sentimita ya kupimia shingoni, na akasema lililobaki kusemwa: kama mguu ukikaa, sumu itapanda kwenye damu, na safari hiyo hawana cha kuizuia.

Kitinda aliangua kilio palepale. "Mama atafanya nini? Niambieni, mama atafanya nini?"

"Nyamaza wewe," shangazi alisema. "Unalia kama umekatwa wewe." Halafu kwa daktari, kwa sauti ya mtu anayeuliza urefu wa sketi: "Mnakata wapi?"

Daktari aliweka ukingo wa kiganja juu ya goti. Mfupa ulikuwa umeoza hadi karibu na kiungo.

"Juu ya goti," alisema shangazi. "Hata upindo hukuniachia."

Aliomba siku moja. Siku hiyo aliitumia kwa jambo ambalo Kitinda hataki lisemwe, lakini mwenyewe shangazi huwasimulia watu, kwa hiyo nalisema. Alimwomba binti yake amwoshe unyayo. Hakumwomba amwoshe kidonda, aliutaka unyayo tu: kisigino na katikati ya vidole, pale palipokuwa na sugu ya miaka yote ya kukanyaga. Kitinda aliosha kwa maji ya vuguvugu kwenye karai la hospitali. Walikuwa hawagombani, na hilo ndilo lililonitisha.

Aliishi. Nalisema wazi kwa sababu watu huniuliza. Figo zake zilirudi kwa kiasi, si zote. Rafiki yangu wa chuo anayefanya kazi maabara aliniambia kwamba amepona; kwa hesabu za hospitali, yeye ni mmoja wa waliofanikiwa.

Nilikwenda kumtazama dukani alipoanza tena. Kitinda alikuwa ametaka kumfungia cherehani mota ya umeme, akakataa kata kata. Alisema umeme haujui kusimama. Alikuwa amekaa mbele ya cherehani ileile, gongo limeegemezwa ukutani, sketi imekunjwa na kubanwa kwa pini pale mguu ulipoishia, kwa pini zilizonyooka kabisa. Alikuwa anaujaribu mguu wa kushoto.

Mwanagenzi akikalia cherehani ya miguu mara ya kwanza, kosa lake ni moja daima. Gurudumu linamzungukia kinyume. Uzi unajisokota chini ya kitambaa, unafanya kiota, unakatika. Shangazi alikuwa amewacheka wanagenzi kwa kosa hilo tangu kabla sijazaliwa. Sasa aliutia uzi, akakanyaga, gurudumu likamrudia kinyume, uzi ukakatika. Akalamba ncha, akautia tena.

Alikuwa kwenye hilo wakati jirani muuza mkaa alipoingia na mjukuu wake mgongoni. Mtoto alikuwa ameungua mkono kwa uji.

"Shoga, afadhali nimekukuta. Nitolee rangi mbili nimmwagie huyu."

"Sina."

"Huna! Mkebe si huo hapo?"

"Humo kuna vifungo tu. Mpeleke zahanati, jirani. Wamwoshe, wamfunge vizuri."

"Kwa hiki kijidonda? Nikakae foleni kutwa nzima?" Muuza mkaa alimtazama, macho yakashuka kwenye ile sketi iliyobanwa, yakapanda haraka. "Umeugua, nakuonea huruma, haki ya Mungu. Lakini usitugeuzie roho. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Haya, asante." Akageuka.

"Ngoja," shangazi alisema, na akainuka kumfuata. Aliinuka kama alivyoinuka maisha yake yote, kwa kuutupia uzito mguu wa kulia. Meza ikayumba, mkebe ukaanguka, vifungo vikatawanyika hadi kijiani. Kitinda alimdaka kiunoni, akamrudisha kitini.

"Mkimbilie," alimwambia binti yake, akihema. "Niache mimi. Mkimbilie."

Kitinda alikimbia. Mimi nilipiga magoti nikaanza kuokota vifungo. Nje tulisikia fundi viatu akigonga msumari. Kitinda aliporudi alisimama mlangoni.

"Keshanunua," alisema. "Nimemkuta anafungua kwa meno."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Alivuta kitambaa chini ya sindano, akakagua uzi, akaweka unyayo wa kushoto katikati ya pedali, kisha akausogeza kidogo mbele, kisha nyuma, akitafuta. Akakanyaga. Nilisikia gurudumu likigeuka, na kabla hata sijainua kichwa kutoka sakafuni, nikausikia uzi unakatika.